Kupika fotokatalisti kwa urea, alafu kuifanyisha kazi kwa taa ya LED

Ukisoma mapepa ya kemia ya mwanga kila mahali ni rutheni na iridi, na ukiulizia bei ya hizo kompleksi hamu yote inaisha. Ila kuna kundi zima la vichocheo vya mwanga ambavyo havina metali kabisa, ni polima tu, na ile rahisi kuliko zote unaipika mwenyewe kwa urea, ndiyo, urea hiihii ya mbolea, na fanesi ya maabara. Inaitwa karboni naitraidi. Hapa naelekeza namna ya kuipika, kuikagua, na kuipa kazi moja ya kweli ya kemia ya ogani, yaani kugeuza benzilamini iwe imini (molekyuli yenye bondi mbili kati ya kaboni na naitrojeni) kwa kutumia oksijeni na mwanga. Nafikiria mtu wa maabara ya kawaida ya chuo mwenye fyumu hudi (kabati la kuvuta gesi nje) inayovuta kweli, fanesi, mizani, stira ya sumaku, na NMR (mashine ya kutambua molekyuli kwa sumaku) hata kama ni ya kuomba chuo jirani. Kama huna hudi usianze, nitasema kwa nini huko mbele.

Kwanza kidogo tuelewane kinachofanyika. Polima konjugeti ni polima ambayo bondi moja na bondi mbili zinapishana mnyororo mzima, kwa hiyo elektroni hazikai na atomu moja, zinatambaa. Ndo familia iliyowapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Nobel ya kemia mwaka 2000, ila wao ilikuwa habari ya kupitisha umeme. Kwenye kichocheo cha mwanga tunataka kitu kingine: mwanga ukipiga, elektroni inapanda ngazi ya juu, chini inabaki tundu. Elektroni tunampa oksijeni, tundu linanyang'anya elektroni kwa molekyuli yetu ya ogani, na polima yenyewe inarudi ilivyokuwa tayari kwa mzunguko mwingine. Zikikutana elektroni na tundu kabla ya kufanya hiyo kazi, basi mwanga umepotea bure, umekuwa joto au mng'ao.

Wajapani wakina Yanagida walionyesha mwaka 1985 kwamba polima ya aina hii, poli-parafenilini, inaweza kutoa hidrojeni kwenye maji kwa mwanga, lakini jambo lilishika moto 2009 pale Xinchen Wang, Markus Antonietti na wenzao walipofanya hivyohivyo na karboni naitraidi kwa mwanga unaoonekana na macho. Na cha kuchekesha ni kwamba unga wenyewe ni wa zamani sana, Liebig aliandika habari za ndugu yake mwaka 1834. Ulikaa makabatini zaidi ya miaka 170 bila mtu kuumulika vizuri.

Pengo la nishati la karboni naitraidi, yaani kimo cha ile ngazi ya elektroni, ni kama 2.7 eV (elektroni-volti). Gawanya 1240 (namba ya kugeuza eV kuwa nanomita) kwa 2.7 unapata 459, hizo ni nanomita, maana yake mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya hapo ndo unaoliwa. Taa nyekundu ya 630 nm ina 1.97 eV tu, washa mwezi mzima hakuna kitu. Hii hesabu ya mstari mmoja shika kichwani, tutairudia kwenye kununua taa.

KUPIKA

Chukua urea gramu 10 ya maabara. Ya mbolea inafanya kazi kwa mazoezi, ila mara nyingi punje zake zimetiwa vitu vya kuzuia zisigandane na ina vichafu vingine, kwa hiyo kama matokeo unataka kuyaandika kwenye tasnifu tumia ya maabara, bei sio ya kuumiza. Weka kwenye krusibo ya kauri ya ml 50 yenye mfuniko, isizidi theluthi ya chombo, maana urea inayeyuka kwenye 133 °C alafu inachemka na kutoa povu. Funika. Mfuniko usiuchukulie poa, bila huo zile gesi za katikati zinazotakiwa kuungana kuwa polima zinakimbia zote unakuja kukuta krusibo tupu, safi kabisa. Wengine wanazungushia na foili ya aluminiamu kubana zaidi, inavumilia kwa sababu aluminiamu inayeyuka 660 °C na sisi hatufiki huko.

Seti fanesi ipande 5 °C kwa dakika mpaka 550 °C, kutoka joto la chumba hiyo ni kama saa moja na dakika 45, alafu ikae hapohapo masaa 3 au 4, alafu zima na uache ipoe yenyewe bila kufungua mlango. Sasa hapa ndo habari ya hudi: urea ikipikwa inamwaga amonia nyingi pamoja na asidi isosianiki, hizo sio gesi za kuvuta, na zinaganda nyeupe nyeupe kwenye bomba la kutolea moshi na kula chuma cha fanesi. Kwa hiyo fanesi iwe chini ya hudi au bomba lake liende nje, na mwenye fanesi mwambie mapema unapika nini. Joto usipandishe ovyo. Ukipita 600 °C unga unapungua, ukikaribia 700 unaisha kabisa, unavunjika kuwa gesi ambazo ndani yake kuna sianojeni na saianaidi ya hidrojeni, hapo sio mchezo tena.

Mavuno ya urea ni madogo jamani, usije ukadhani umekosea. Hata kwenye karatasi, urea 6 zinatoa melamini 1, na melamini ikimwaga amonia inabaki robo hivi ya uzito uliouanzia, na kwa kuwa nyingine inaruka kama gesi usishangae gramu 10 zikikupa chini ya nusu gramu. Ukianza na melamini yenyewe unapata nyingi zaidi, hata nusu ya uzito, lakini unga wake ni mgumu, umebanana, eneo la uso ni dogo, kama mita za mraba 10 kwa gramu. Wa urea unakuwa mwepesi kama manyoya na eneo lake ni mara kadhaa ya hapo. Kemia yetu inafanyika usoni tu, ndani ya chembe hakuna kinachoingia, kwa hiyo mi naona bora kupika urea mara nne kuliko melamini mara moja.

Umeme ukikatika fanesi ikiwa katikati, lile kundi liweke kwenye chupa yake na uandike, usilichanganye na mengine hata kama rangi inafanana.

Ikipoa saga kwenye kinu, osha na asidi ya naitriki 0.1 M, alafu maji mpaka yawe hayana asidi, alafu kausha 80 °C usiku mzima.

KUKAGUA

Rangi inasema mengi. Unatakiwa kupata njano hafifu. Ukipata nyeupe kabisa haijaiva, bado ni melamu na melemu, vipande vifupi. Ukipata kahawia au chungwa umezidisha joto au kuna uchafu wa kaboni. Alafu chukua tochi ya UV, ile ya kuangalizia noti bandia, zima taa za chumba umulike unga: karboni naitraidi inang'aa bluu. Unapendeza kweli, lakini ule mng'ao ndo elektroni na tundu zinakutana bure, kwa hiyo unga unaong'aa kuliko mwenzake sio lazima uwe bora, mara nyingi ni kinyume chake.

Kwa ushahidi wa kuandika, FTIR (kipimo cha mwanga wa infraredi) inatosha kuanzia: mstari mkali karibu 810 kwa sentimita, hiyo ni pete zenyewe zinapumua, na msitu wa mistari kati ya 1200 na 1650. Ukipata XRD (kipimo cha mionzi ya X) tafuta kilele cha 27.4°, hicho ni matabaka yamelaliana, na kidogo cha 13°. Ukiona vilele vingi vyembamba vikali rudisha kwenye fanesi, una melamini au melemu humo.

TAA

Watu wanakosea sana hapa. Madukani kuna mikanda ya LED ya bluu ya volti 12, bei rahisi, na nyingi ni 460 mpaka 470 nm. Kumbuka ile hesabu, 459. Yaani taa yako inamulika ukingoni kabisa mwa kinachoweza kuliwa na sehemu kubwa ya mwanga inapita tu. Tafuta ya zambarau, 395 mpaka 405 nm, zinauzwa kama taa za disko au za kukaushia gundi ya kucha. Zungusha mkanda ndani ya kopo la bati, vayali ikae katikati, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye taa, na umbali huo usibadilike kati ya jaribio na jaribio kwa sababu ukisogeza kidogo tu mwanga unaofika unabadilika sana. Feni ndogo ya kompyuta ipulize kutoka chini. Bila feni ndani ya kopo panafika 50 °C au zaidi na hutajua tena ni mwanga au ni joto. Vaa miwani ya chungwa, hiyo mionzi macho yanaiona hafifu ila inaumiza. Na jua? Linafanya kazi, ila wingu likipita namba zako zimeharibika, labda kwa maonyesho.

KAZI YENYEWE

Kwenye vayali ya kioo ya ml 20 weka unga miligramu 10, asetonitraili ml 5, na benzilamini miligramu 54, hiyo ni nusu milimoli, kama mikrolita 55. Benzilamini kabla hujaichukua angalia shingo ya chupa, ukiona ukoko mweupe imeshakula kaboni dioksaidi ya hewani, uikeneke upya au angalau chukua kimiminika safi cha katikati, ule ukoko usiingie. Weka kwenye maji ya altrasonik dakika 5 mpaka unga usambae, utaona mchanganyiko kama togwa. Na kwa kuwa ni kama togwa mwanga haupenyi mbali, milimita chache tu, waliopo katikati wako gizani, kwa hiyo stira izunguke kwa nguvu na vayali iwe nyembamba. Watu wengi wanaongeza unga wakidhani kasi itaongezeka, wanaishia kuongeza kivuli.

Puto la oksijeni juu na sindano kupitia kifuniko cha mpira, au hewa ya kawaida kama huna, itakwenda taratibu zaidi. Oksijeni na asetonitraili havitaki cheche, kwa hiyo hakuna moto wala hita ya waya karibu, na usifanye hii kwa lita. Acha izunguke nusu saa gizani, chukua sampuli ya kwanza, alafu washa taa.

Kinachotokea ni hivi: tundu linachukua elektroni kwenye amini, oksijeni inapokea elektroni ya juu inakuwa supaoksaidi, amini inapoteza protoni na hidrojeni inakuwa imini fupi, hiyo inavamiwa na benzilamini nyingine, amonia inatoka, unabaki na imini ndefu, N-benzilidini benzilamini. Amini mbili kwa imini moja. Karatasi ya litmasi nyekundu iliyoloweshwa ukiishika mdomoni mwa vayali inaweza kugeuka bluu, lakini usiifanye ushahidi, hata benzilamini yenyewe ni besi.

Chukua sampuli masaa 2, 4, 8 na 24. Usikae ukachukua ya mwisho tu, sampuli moja ya 100% haikuambii kama kazi iliisha saa ya tatu au dakika tano kabla hujafika. Unga ni mwembamba, unapita kwenye karatasi ya kuchujia ya kawaida, kwa hiyo sentrifyuji au filta ya sindano ya mikroni 0.22 inayovumilia solventi.

Sasa kupima. TLC (kutenganisha vitu kwenye bamba la silika) itakudanganya: imini haipendi silika, inavunjika pale pale kwenye bamba na unaona doa la benzaldehaidi unadhani ndo ulichotengeneza. Kolamu ya silika usithubutu. Tumia NMR, na klorofomu ya NMR ipitishe kwanza kwenye potasiamu kaboneti au alumina ya besi maana ile ya zamani ina asidi kidogo na yenyewe inavunja imini. Tafuta 8.4 ppm (ppm ni mahali pa kilele kwenye mchoro wa NMR), protoni moja ya CH=N, na 4.8 ppm, CH2 ya imini. CH2 ya benzilamini iliyobaki iko 3.86, na ukiona kitu 10.0 hiyo ni benzaldehaidi, kuna maji yameingia mahali.

Hesabu yake sasa, hapa wengi wanateleza. Sema kilele cha 4.8 na cha 3.86 vimetoka sawa. Haraka haraka unasema nusu kwa nusu, 50%. Hapana. Kila imini imekula amini mbili, kwa hiyo zilizotumika ni 2, iliyobaki ni 1, badiliko ni 67%. Alafu tatizo la pili, ukikausha asetonitraili kwa vakyumu kali benzilamini nayo inaondoka kidogo kidogo, inabaki imini, na badiliko lako linapanda bila kazi yoyote kufanyika. Dawa ni kukausha kwa upole na kuongeza mesitilini uliyoipima kabla tu ya kwenda NMR, kilele chake cha 6.8 kina protoni 3 na hakigombani na mtu, ndo unajua imini ni miligramu ngapi kweli na sio asilimia ya kilichobaki.

KUTHIBITISHA KWAMBA NI POLIMA

Kwangu hii ndo kemia yenyewe, huko nyuma kote ni upishi. Unahitaji vayali nne pembeni ya ile ya kweli. Moja ina kila kitu ila imefungwa foili, na iwe ndani ya kopo lilelile ili ipate joto lilelile, sio kabatini. Ya pili ina mwanga na oksijeni bila unga, hii ni muhimu zaidi ukitumia 395 nm kwa sababu kuna vitu vinavunjwa na hiyo taa vyenyewe. Ya tatu naitrojeni badala ya oksijeni, na upulize naitrojeni ya kutosha, dakika 20 hivi, maana oksijeni iliyoyeyuka inatosha kukupa asilimia kadhaa za uongo. Ya nne iache iende masaa mawili, chuja unga wote, rudisha kimiminika kilichochujwa kwenye taa: ikiendelea kupanda kuna kitu kimeyeyuka kutoka kwenye unga na ndo kinachofanya kazi. Hizi nne zikikaa kimya na ile ya kweli ikapanda, una matokeo. Zikipanda hata mbili kidogo, simama hapo kwanza, usisonge mbele kutengeneza michoro ya mekanizimu.

Baadaye ongeza wazuiaji. Potasiamu ayodaidi inakula matundu, benzokwinoni inakula supaoksaidi, DABCO (amini moja ya dukani) inazima oksijeni ya singleti, yaani oksijeni iliyochangamshwa. Ila tahadhari, benzokwinoni inapenda kuungana na amini yenyewe na rangi inakuwa ya chai, kwa hiyo kwenye kazi hii jibu lake lipokee kwa mashaka.

Kurudia kutumia unga kila mtu anapenda kuchora, nguzo tano sawasawa zote 99%. Hizo nguzo hazisemi kitu kama kila mzunguko uliuacha masaa 24 wakati kazi inaisha masaa 8, kichocheo kinaweza kuwa kimekufa nusu na bado kikafika. Linganisha kwenye badiliko la 30 mpaka 50%, hapo uchovu unaonekana. Na pima unga kila mzunguko, kwenye sentrifyuji unaondoka kila mara.

UKITAKA KUENDELEA

Udhaifu wa karboni naitraidi ni huo, inakula mwanga wa zambarau na bluu kidogo, na muundo wake huwezi kuuchezea sana kwa sababu ni kitu cha fanesi. Ndo maana watu wanaenda kwenye polima za vitundu, kundi la Cooper kule Liverpool walizitoa 2007, au zile za fuwele za COF (fremu za ogani zilizoungwa kwa bondi za kovalenti) ambazo wakina Yaghi walianza 2005. Unachagua vipande, kimoja cha kutoa elektroni na kingine cha kuvuta, benzothiadiazoli ndo maarufu kwa kuvuta, na unasogeza pengo mpaka taa ya kijani inakubali. Benzilamini hiihii ndo mtihani wa kwanza wa nyingi ya hizo, kwa hiyo namba zako zitakuwa na wa kulinganishwa nao.

Kuna mtego mmoja. Polima nyingi hizo zinaungwa kwa Suzuki au Sonogashira (njia mbili za kuunga kaboni na kaboni kwa kichocheo cha paladi), maana yake paladi imepita humo, na paladi haitoki yote hata uoshe kwa Soxhlet (chombo cha kuosha kwa solventi inayozunguka) siku ngapi. Inabaki kama chembe ndogo ndogo ndani ya vitundu. Mtu anaandika "bila metali" kwenye kichwa cha habari na ndani kuna paladi ya kutosha kufanya kazi yenyewe. Kabla hujadai polima yako imeishinda karboni naitraidi peleka miligramu chache ICP (mashine ya kupima metali) wapime paladi, na karboni naitraidi yako nayo uipeleke siku hiyohiyo. Kama huna ICP, chagua njia ya kuunga isiyohitaji paladi, kwa mfano aldehaidi na amini kutengeneza COF ya imini, ila hizo usizijaribu na benzilamini kwa sababu amini itabadilishana na imini za ukuta wenyewe na kuutafuna. Kwa hizo tumia kazi nyingine, mfano kugeuza salfaidi kuwa salfoksaidi, thioanisoli ni nzuri kuanzia, kwenye NMR CH3 yake inahama kutoka 2.5 kwenda 2.7 ppm. Taa ni ileile, kopo ni lilelile, na zile vayali nne za pembeni ni zilezile.